Marejesho ya ushuru wa forodha yamfikie pia fundi wa Lamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wenye viwanda vya Nairobi na Mombasa hulizungumza kila mwaka bajeti inapokaribia, lakini ambalo huku Lamu halitajwi ingawa linatugusa mfukoni, nalo ni marejesho ya ushuru wa forodha kwa anayeuza bidhaa zake nje ya nchi. Mimi ninawaandikia hesabu mafundi kadhaa wa mji huu, wakiwemo wachonga milango na makasha, washona mifuko ya tanga kuukuu, washona kofia na watengenezaji wa makubadhi. Kazi hiyo imenilazimu kuzisoma sheria zetu za forodha, na baadaye kuzisoma zile za India pia, kwa sababu mafundi wa India ndio tunaokutana nao kwa ushindani tunapopeleka kazi zetu katika maduka ya Ulaya na ya Ghuba. Nimekuta huko mpangilio ambao nchi yetu na wenzetu wa Afrika Mashariki tungeweza kuufuata, na ambao ungemfaa mtu mdogo kuliko mtu mkubwa.

Niweke msingi kwanza, maana wengi, hata baadhi ya viongozi wetu, hudhani kwamba marejesho haya ni msaada ambao serikali humpa mfanyabiashara inapopenda. Ushuru wa forodha hutozwa kitu kilichoingia nchini kwa sababu kitatumika nchini. Bawaba ya shaba iliyoagizwa kutoka ng'ambo ikitiwa kwenye kasha, na kasha hilo likauzwa Hamburg au Dubai, bawaba ile haikutumika Kenya hata siku moja, ilipita tu mikononi mwa fundi. Serikali inapobaki na ushuru wake, anayeubeba ni fundi, kwa kuwa mnunuzi wa Hamburg ana makasha ya nchi nyingine mbele yake na hatakubali kuongezewa bei kwa ajili ya kodi ya Kenya. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku umelitambua hilo waziwazi, kwani unakubali kwamba kumrejeshea muuzaji ushuru uliotozwa malighafi ya bidhaa aliyoisafirisha hakuhesabiwi kuwa ruzuku, mradi kinachorejeshwa kisizidi kilichotozwa. Kwa hiyo ninapodai marejesho kwa ajili ya mafundi ninadai fedha yao wenyewe.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Kenya na kwa majirani zetu wa Jumuiya, inaruhusu kurejeshewa ushuru uliolipwa kwa vitu vilivyoagizwa na kutumika kutengenezea bidhaa za kuuzwa nje, na imempa mdai miezi 12 awasilishe dai lake. Imeruhusu pia njia ya pili, ya kusamehewa ushuru mapema, ambapo kampuni hutaja kiasi cha malighafi itakachoagiza, huweka dhamana, na jina lake huchapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Mwenye kiwanda anayeagiza makontena kwa jina lake huzifuata njia hizi akiwa na wakala wa forodha upande mmoja na mhasibu upande wa pili, na mwisho wake haki yake huipata, ingawa naye husikika akilalamikia kucheleweshwa.

Fundi wa Lamu hajaagiza kontena maishani mwake. Njumu, bawaba na komeo za shaba anazinunua kwa kilo au kwa pea katika duka la Mombasa, au kwa mfanyabiashara wa hapa Langoni ambaye naye alinunua kwa mwenye duka la jumla, ambaye naye alinunua kwa mwagizaji. Zipu na uzi wa mshona mifuko, kitambaa cha mshona kofia, na vishikizo vya mtengenezaji wa makubadhi vimepita njia hiyohiyo. Ushuru ulilipwa mara moja bandarini, ukaingia ndani ya bei, na kila mkono uliofuata ukaupokeza kwa mwenzake mpaka ukamfikia fundi. Lakini karatasi inayothibitisha kwamba ulilipwa imebaki kwa mwagizaji, mtu ambaye fundi hamjui na ambaye hana sababu ya kumpa nakala. Fundi ana risiti ya dukani iliyoandikwa kwa mkono, "bawaba, pea 12", na risiti hiyo haisemi chochote kuhusu forodha. Mmoja wa mafundi ninaowaandikia hesabu alipokwenda kuuliza katika afisi moja, aliambiwa kwa adabu kabisa kwamba bila hati ya kuingizia bidhaa hakuna dai linaloweza kufunguliwa. Simlaumu afisa yule, kwa maana alimweleza mpangilio uliopo.

Chukua kasha moja tulipigie hesabu kwa mfano. Tuseme limeuzwa nje kwa shilingi 40,000, na vitu vya kigeni vilivyomo ndani yake, yaani njumu, bawaba, komeo na vanishi, viliingia nchini kwa thamani ya shilingi 6,000 na kutozwa ushuru wa asilimia 25, ambacho ni kiwango cha Jumuiya kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa. Ushuru uliomo ndani ya kasha ni shilingi 1,500, chini kidogo ya asilimia 4 ya bei. Fedha hiyo haitoshi kumtuma mtu mmoja Mombasa, avuke kwa boti hadi Mokowe, apande basi, alale na arudi, achilia mbali kumlipa wakala wa kumwandikia dai. Lakini fundi anayepeleka makasha 100 kwa mwaka amewacha shilingi 150,000 kwa serikali, na kwa karakana ya watu watatu fedha hiyo ni mbao za miezi kadhaa.

India ililiona tatizo hili zamani na ikalitafutia dawa. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Forodha ya India ya mwaka 1962 ndicho kinachotoa haki ya marejesho kwa malighafi zilizotumika katika bidhaa za kuuzwa nje, na utaratibu wake umo katika kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017, zikichukua nafasi ya kanuni za mwaka 1995. Kanuni hizo zimefungua milango miwili. Mlango mmoja ni wa kiwango maalumu cha muuzaji mmoja mmoja, ambapo mtu huleta hati zake zote na serikali humpigia hesabu ya ushuru wake halisi. Mlango wa pili, ambao ndio hasa ninaotaka wasomaji wako wauelewe, ni jedwali la viwango vya pamoja kwa nchi nzima. Serikali huunda kamati ambayo hukusanya takwimu kutoka kwa wazalishaji na mabaraza ya wauzaji wa nje, kwamba bidhaa fulani kwa wastani huwa na malighafi kiasi gani za kigeni, na kwamba malighafi hizo kwa wastani hutozwa ushuru kiasi gani. Kutokana na hapo hupatikana kiwango kimoja, asilimia fulani ya thamani ya bidhaa ikiwa imeshapakiwa chomboni bila kuhesabu nauli wala bima, na kwa bidhaa nyingi huwekwa pia kikomo cha rupia kwa kila kilo au kwa kila kipande. Jedwali huchapishwa hadharani na hupitiwa upya mara kwa mara.

Anayeuza nje kwa kutumia jedwali hilo haulizwi bawaba alinunua duka gani wala haombwi hati ya kuingizia bidhaa. Wastani umekwisha kumfanyia kazi hiyo. Huenda yeye binafsi alilipa zaidi kidogo au pungufu kidogo, na akiona kwamba kiwango cha jedwali hakifikii hata sehemu nne katika tano za ushuru alioubeba kweli, kanuni zinamruhusu kuomba kiwango maalumu ndani ya miezi 3 tangu mzigo uruhusiwe kuondoka. Mkubwa ana mlango wake wa kuthibitisha kila senti, na mdogo ana mlango wake wa wastani. Kwetu uko mlango wa kwanza peke yake, na ndiyo maana wanaoingia ni wakubwa peke yao.

Lisomeke vizuri jambo hili, Mhariri, kwa maana linagusa kazi kama zetu moja kwa moja. Jedwali la India lina mistari maalumu kwa kazi za sanaa za mikono, na maelezo yake yanaeleza ni kazi ya namna gani ihesabiwe kuwa ya mikono ili mwenye mashine asijipenyeze humo. Mji wa Moradabad katika jimbo la Uttar Pradesh unajulikana duniani kwa vyombo vya shaba, na Saharanpur, katika jimbo hilohilo, kwa mbao zilizochongwa. Kasha la Saharanpur na kasha la Lamu linaweza kusimama ubavu kwa ubavu katika duka moja la Ulaya. La kwetu limetengenezwa kwa mbao na kwa nakshi ambazo sitazilinganisha na za mtu yeyote, lakini limebeba ushuru wote wa bawaba zake, ilhali mwenye kasha la Saharanpur ameshalipwa na forodha ya nchi yake fedha ambayo anaweza kumpunguzia mnunuzi bei. Tumezoea kusema kwamba mafundi wetu wanashindwa kwa sababu wenzao wana mashine na umeme wa bei nafuu. Hayo yana ukweli, lakini sehemu ya pengo la bei ni kodi ambayo sisi tumeiwacha ndani ya bidhaa na wao wameitoa.

Jambo la pili lililonivutia ni jinsi dai linavyofunguliwa. Huko India, hati ileile ambayo muuzaji huijaza kielektroniki ili kusafirisha mzigo wake ndiyo inayohesabiwa kuwa dai la marejesho, ikiwa ametia humo namba ya bidhaa katika jedwali. Hakuna fomu ya pili wala safari ya pili, na malipo huingia katika akaunti ya benki aliyoisajili. Sheria imekwenda mbele zaidi, kwani kifungu cha 75A kinasema kwamba marejesho yasipolipwa ndani ya mwezi mmoja tangu dai lipokelewe, serikali itamlipa muuzaji riba, ambayo kwa kiwango kilichowekwa ni asilimia 6 kwa mwaka. Na muuzaji aliyelipwa kimakosa hutakiwa kurudisha pamoja na riba iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba riba hizo mbili zingefaa kuwa sawa, nami nakubaliana naye. Hata hivyo, kule kuandikwa tu kwamba ucheleweshaji wa serikali una gharama, na gharama hiyo ina tarehe ya kuanza kuhesabiwa, humpa muuzaji mdogo neno la kusimamia anapofuatilia haki yake.

Wala kiasi kidogo hakidharauliwi. Dai ambalo sheria ya India inakataa kulilipa kwa sababu ya udogo wake ni lile lisilofika rupia 50, kiasi ambacho hakifiki hata shilingi 100 za Kenya. Tena kanuni zao zina utaratibu wa bidhaa zinazotumwa kwa posta, ambapo mtumaji huandika juu ya kifurushi, kwa wino na kwa herufi kubwa, kwamba huo ni mzigo unaodai marejesho, na huambatisha fomu yake humo humo. Nimeutaja utaratibu huu kwa sababu mifuko na kofia za Lamu mara nyingi haziondoki kwa kontena. Huondoka katika vifurushi vidogo, vipande 10 au 20 kwa duka moja la ng'ambo, na hakuna mtu hapa petu aliyewahi kufikiri kwamba kifurushi cha posta kinaweza kuwa na haki ya forodha ndani yake. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, ni jambo la kujivunia, lakini meli zinazotia nanga kule Kililana hazikujengewa vifurushi vya namna hii.

Iko pia haki nyingine katika kifungu cha 74 cha sheria yao, ya mtu aliyeagiza kitu, akakilipia ushuru, kisha akakirudisha nje kama kilivyo ndani ya miaka 2, ambapo hurejeshewa asilimia 98 ya ushuru alioulipa. Hiyo inawahusu zaidi wafanyabiashara kuliko mafundi, kwa hiyo sitakaa hapo.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu cha India ni cha kuigwa, kwa maana walijikwaa, na walipojikwaa pana la kujifunza. Ilipoanza kodi yao mpya ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2017, marejesho ya kodi hiyo kwa wauzaji wa nje yalipangwa kufuata hati ya kusafirishia kwa njia ya kompyuta, vizuri kabisa katika maandishi. Lakini namba ya ankara iliyoandikwa katika hati ya forodha ilipotofautiana hata kwa alama moja na ile iliyoandikwa katika taarifa ya kodi, mtambo ulilikataa dai, na hapakuwa na mtu wa kulisahihisha. Fedha za wauzaji zilikwama kwa miezi, na walioumia mapema ni wale wenye mtaji mdogo. Mwezi wa Machi 2018 serikali ililazimika kutenga wiki mbili nzima, kuanzia tarehe 15, za kushughulikia madai yaliyokwama katika afisi zote za forodha, na ilirudia zoezi hilo miezi michache baadaye. Tukija kuweka utaratibu kama huo hapa, lazima awepo afisa mwenye mamlaka ya kusahihisha kosa la namba papo hapo, tena awe katika afisi ya forodha ya Lamu yenyewe.

Walijikwaa pia kwa Shirika la Biashara Duniani. Walikuwa na mpango mwingine uliomtunuku muuzaji wa nje asilimia fulani ya mauzo yake bila kuangalia alilipa ushuru gani, na Marekani ikawashitaki. Mwezi wa Oktoba 2019 jopo la waamuzi lilisema kwamba mpango huo ni ruzuku iliyokatazwa. India ilikata rufaa, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2021 iliuondoa na kuweka mwingine unaorejesha kodi zilizojificha ambazo hazirejeshwi kwa njia nyingine, kama vile kodi za mafuta ya usafiri na za umeme. Sisi ambao kila kasha letu huanza safari kwa boti inayotumia petroli tungeweza kudai mengi chini ya kichwa hicho, lakini siyadai leo. Ninalolitoa hapo ni kwamba jedwali letu, likija, lipigiwe hesabu kwa uaminifu, kutokana na ushuru uliomo kweli ndani ya bidhaa, ili mtu asije akatushitaki na kutuvunjia.

Najua pingamizi litakalotolewa na watu wa Wizara ya Fedha, na ni pingamizi la haki. Watasema kwamba kiwango cha wastani kisichodai hati kitawavutia matapeli. India imewaona matapeli hao, watu waliopakia nguo duni na kuziandikia bei ya nguo za thamani ili asilimia ya marejesho iwe kubwa. Sheria yao imejibu kwa namna kadhaa. Marejesho hayawezi kuzidi theluthi moja ya bei ya soko ya bidhaa. Kikomo cha kila kipande huzuia faida ya kuongeza bei katika karatasi. Aliyesamehewa ushuru mapema kwa njia nyingine hawezi kudai mara ya pili. Na lililo na nguvu kuliko yote ni kwamba fedha ya mnunuzi isipoingia nchini kupitia benki katika muda uliowekwa, marejesho yaliyokwisha kulipwa hudaiwa yarudi. Tapeli anaweza kuandika bei yoyote anayoitaka, lakini ni vigumu kumpata mtu wa Hamburg atakayemtumia fedha hiyo kweli. Fundi wa Lamu hana la kuogopa katika sharti hilo, maana fedha za wateja wake huingia benki na taarifa za benki anazo.

Watasema pia kwamba fundi anayetaka kurejeshewa kodi angepaswa kujisajili kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambako mauzo ya nje hutozwa kwa kiwango cha sifuri na kodi ya manunuzi hudaiwa. Jibu langu ni kwamba VAT ni kodi nyingine. Kurejeshewa asilimia 16 ya VAT hakuutoi ushuru wa forodha uliokwisha kuzama ndani ya bei kabla VAT yenyewe haijapigiwa hesabu. Tena ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka hakulazimishwa na sheria kujisajili, na mafundi wengi wa hapa wako chini sana ya kiwango hicho.

Na wasiseme kwamba Jumuiya haiwezi kuwa na utaratibu rahisi kwa watu wadogo, kwa sababu inao tayari. Wafanyabiashara wadogo wanaovuka mipaka ya Jumuiya na mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 wanatumia cheti cha asili ya bidhaa kilichorahisishwa, kinachotolewa palepale mpakani. Kama muuza nafaka wa Busia alifikiriwa, mshona kofia wa Lamu, ambaye kazi yake inavuka bahari, naye anastahili kufikiriwa.

Ninachokiomba kinaweza kutekelezwa bila kubomoa sheria iliyopo. Kanuni za forodha za Jumuiya hutungwa na Baraza la Mawaziri, na mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kila mwaka kabla ya bajeti za Juni kukubaliana juu ya viwango vya ushuru. Kenya ipeleke huko pendekezo la jedwali la marejesho ya pamoja kwa bidhaa chache za kuanzia, ambazo ni samani na milango ya mbao yenye vyuma vya kuagizwa, mifuko ya turubai na tanga, kofia na nguo za kudariziwa, viatu na mikoba ya ngozi, na vito vya fedha. Kazi ya kupata wastani ipewe KEPROBA, wakala wa serikali wa kukuza mauzo ya nje, ikishirikiana na KRA, mamlaka ya mapato, na maafisa wao waje Lamu, Malindi na Mombasa wakae karakanani na mafundi, wapime kilo za shaba na mita za kitambaa, wasipange viwango kwa kukisia kutoka Nairobi. Kwa kuanzia, wanaodai wawe ni wale waliojiunga katika vyama vya ushirika, ili dai la kasha moja lisiwe mzigo kwa afisi na chama kiweze kukusanya madai ya wanachama wake ya mwezi mzima. Serikali ya Kaunti ya Lamu ina idara ya biashara na ushirika, na hapo ina kazi ya kufanya isiyohitaji ruhusa ya mtu. Hati ya kusafirishia mzigo iwe ndiyo dai, malipo yaingie benki au kwa M-Pesa, na kanuni itaje siku ambayo riba itaanza kuhesabiwa serikali ikichelewa.

Kwa mbunge wetu na kwa wanaotuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, ombi langu ni dogo zaidi. Waiulize Wizara ya Fedha, kwa maandishi, ni madai mangapi ya marejesho ya ushuru wa forodha yaliyowahi kulipwa kwa wauzaji wa nje walioko Kaunti ya Lamu na Kaunti ya Kilifi, na ni mangapi kati yake yalikuwa ya mafundi wa kazi za mikono. Majibu yakipatikana, nakuomba, Mhariri, uyachapishe katika ukurasa huu huu kabla ya bajeti ijayo kusomwa.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu